Friji Isiyo na Gesi: Maneno Niliyowaambia Mafundi wa Chake Chake

Hotuba hii niliitoa Pemba, katika ukumbi wa skuli moja ya Chake Chake, mbele ya mafundi wa friji, wanafunzi wa ufundi na wauza barafu. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Vikohozi nimeviondoa, na tarakimu zilizonitoka jukwaani nimezirudisha.

Assalaam alaykum.

Wazee wangu mliokaa mbele, mafundi wenzangu, dada zangu wa barafu na malai, na nyinyi wanangu mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja na joto lote hili la kaskazi. Juu yetu pana mapangaboi mawili. Moja linazunguka vyema, jengine linajikokota kama punda wa jioni. Kila fundi aliyemo humu ameshaujua ugonjwa wake bila ya kupanda ngazi: kapasita, kile kidude cha kuweka umeme, imechoka. Nilitaka kuomba litengenezwe kabla sijaanza, kisha nikasema libaki hivyo hivyo, kwa sababu leo nataka kuzungumza juu ya kapasita na ubaridi, na panga boi lile litanikumbusha nisipotee njia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa kijana, najifunza ufundi Wete, kulikuwa na bibi mmoja akiuza barafu za mifuko. Friza lake likapoteza ubaridi. Nikaenda, nikajaza gesi, nikalipwa. Mwezi wa pili likalala tena, nikajaza tena. Mara ya tatu yule bibi akasimama mlangoni, kanga mabegani, akaniuliza: "Mwanangu, wewe wanijazia friza au wajazia mbingu?"

Mnacheka, lakini alikuwa amesema fizikia yote. Bomba lilikuwa limetobolewa na kutu nyuma kabisa, chumvi ya bahari imelila kidogo kidogo, na mimi sikuwa nimelitafuta tundu. Gesi ya friji za siku zile, R-134a, kilo moja ikitoka inalipasha joto anga kwa muda wa miaka 100 sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Friji la nyumbani linachukua gramu 100 na kitu. Zidisheni wenyewe mara tatu, muone kijana mmoja wa Wete na bisibisi yake aliitia mbingu mzigo gani.

Ndiyo maana mwezi wa Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapo Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza gesi za namna hiyo, na makubaliano yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Baadhi yenu mmeshaanza kuona gesi nyengine, R-600a, kwenye friji mpya. Hiyo hailipashi anga joto kwa kiasi cha kutisha, lakini inawaka moto, na fundi anayelehemu bomba lenye R-600a huku anavuta sigara, huyo tumuombee dua mapema.

Kwa hivyo suali ni jepesi kuliuliza: kwani lazima pawe na gesi?

Tumtazame kwanza mzee wa friji zote, mtungi. Sisi wakubwa tumekunywa maji ya mtungini yaliyopoa bila ya waya wala mita. Mtungi unatoka jasho, jasho linakauka, na maji yanapokauka yanaondoka na joto. Friji lenu la kompresa ni mtoto wa mtungi huo huo. Ndani ya bomba gesi iliyogeuka maji inachemka na kukauka, inachukua joto la samaki, kompresa inaibana, joto linatupwa kwenye wavu wa nyuma. Tofauti ni kwamba mtungi unaliachilia jasho lake liende, na friji linalirudisha lizunguke. Siku za kaskazi, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, mtungi unashindwa kutoka jasho vizuri. Kompresa haijali unyevu. Hapo mtoto alimshinda baba.

Sasa ninalotaka kuwaonesha si la ukoo huu. Hapana kitu kinachochemka, hapana kinachokauka, hapana kinachobanwa. Ni kipande cha kauri kigumu, kimekaa kimya, unakipa umeme kinapata joto, unauondoa umeme kinapoa.

Kabla hamjaniita mchawi, gawaneni mapulizo haya. Yakateni vipande virefu. Kila mmoja ashike chake kwa mikono miwili, akinyooshe kwa haraka, hapo hapo akiguse kwenye mdomo wa juu. Mmesikia? Kina joto. Sasa msikiachie. Kishikeni kimenyooka hivyo hivyo nusu dakika, hewa ikichukue lile joto. Haya, kiregezeni kwa haraka, na kigusisheni tena.

(Hapa ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja wa safu ya mbele alirudia mara nne, kila mara akimgeukia mwenzake kama aliyeibiwa.)

Baridi hiyo imetoka wapi? Hakuna aliyeitia. Nyuzi za mpira zikiwa zimelegea zimevurugika kama wavu uliotupwa pwani. Ukizinyoosha zinapangika. Ule mvurugo, ambao wanafizikia huuita entropia, haupotei kwa sababu wewe umevuta mpira ghafla. Ukitolewa kwenye mpangilio wa nyuzi unahamia kwenye mtetemeko wake, na mtetemeko ndio joto.

Mliosoma chuoni mnalijua jambo hili kwa miili yenu. Mwalimu hayupo, watoto wametapakaa baraza nzima. Mwalimu akatokea na bakora. Kwa mpigo mmoja kila mtoto amekaa kwenye msitari, msahafu mbele. Lakini zile mbio alizokuwa akizikimbia hazijamtoka. Magoti yanacheza, vidole vinagonga jamvi, huyu anamfinya yule. Msitari umenyooka na mtetemeko umezidi. Ukisubiri kidogo, wanatulia. Hapo mwalimu akiondoka, wanatawanyika tena, na nguvu za kutawanyika wanazitoa katika ule utulivu wao wenyewe.

Ndani ya kauri watoto ni chembe za umeme, na mwalimu ni volti.

Chukueni titaneti ya bariamu, kauri iliyomo katika kapasita ndogo ndogo za simu zenu. Lile la panga boi ni kapasita la filamu ya plastiki, nisije nikawadanganya. Ninayoisema ni ile punje ya rangi ya udongo kwenye bodi ya simu, ndogo kuliko tembe ya mchele, na simu moja inazo mamia. Ndani yake chembe ya titani imezungukwa na chembe za oksijeni kama ndege ndani ya tundu. Chini ya nyuzi joto 120 hivi haikai katikati. Inaegemea upande, na upande huo unakuwa na umeme chanya kidogo, wa pili hasi. Karibu na joto hilo zinaanza kuyumba, kila moja na upande wake. Ukitia umeme zinageuka zote pamoja, na kauri inapata joto. Unangoja joto liondoke. Unautoa umeme, zinavurugika, kauri inakuwa baridi kuliko ilivyoanza. Jina lake ni athari ya elektrokaloriki.

Si jambo la jana. Mwaka 1930, kule Urusi ya Kisovieti, wanafizikia Kobeko na Kurchatov waliandika juu yake walipokuwa wakichunguza chumvi ya Rochelle. Huyo Kurchatov ndiye aliyekuja kuongoza kazi ya bomu la atomiki la Wasovieti. Mara nyingi nimewaza, lau angebaki na chumvi yake, pengine leo tungekuwa na friji nyengine na bomu moja pungufu. Lakini wakati ule ubaridi uliopatikana ulikuwa mdogo sana, na kompresa ilikuwa imeshashika njia.

Miaka mingi watu waliiacha. Kisha mwaka 2006 watafiti Mischenko, Mathur na wenzao wakatangaza habari iliyowaamsha wengi: utando wa kauri yenye risasi, zirkoni na titani, unene wake nanomita 350, kwa volti 25 tu, mabadiliko ya digrii 12. Volti 25! Betri mbili za gari zilizofuatana zinakaribia. Tatizo, ubaridi huo ulipatikana kauri ikiwa kwenye nyuzi joto 226, yaani joto la tanuri ya mkate. Na mimi kama fundi nina neno jengine: zile digrii 12 zilipatikana kwa hesabu kutoka kwenye vipimo vya umeme, si kwa kipimajoto kilichogusa utando. Hesabu ni sahihi kwa wanaoijua, silikatai hilo. Lakini utando mwembamba kiasi hicho hauna uzito wa kupoza hata tone la maji.

Hapa ndipo kapasita ya tabaka nyingi inapoingia, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndiyo roho ya jambo.

Mwaka 2019 Nair, Mathur na wenzao walitumia kapasita za kauri yenye risasi, skandiamu na tantalamu. Wakapata digrii 5.5 karibu na joto la kawaida la chumbani. Uga wa umeme walioutumia ulikuwa volti 29 kwa kila maikromita moja ya unene, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tupige hesabu ya kifundi. Kauri ya milimita moja ingetaka volti 29,000, na hakuna mke atakayekubali friji la volti 29,000 jikoni kwake. Lakini tabaka la maikromita 10, jembamba kuliko unywele, linataka volti 290 tu. Kwa hivyo unapanga tabaka nyembamba nyingi, kauri na chuma, kauri na chuma, kama mkate wa kusukuma ulivyokunjwa, na kila tabaka linapewa volti zake ndogo. Unapata uzito wa kutosha na volti za kistaarabu. Viwanda vya kapasita vilikuwa vimeshaujua ufundi huo kwa miaka kwa ajili ya redio na simu. Friji liliazima tu.

Sasa mtaniambia: digrii 5.5 zinatusaidia nini na sisi tunataka barafu?

Suali zuri, na jibu lake tunalo kwenye minazi yetu. Mkwezi hapandi mnazi kwa kuruka. Anachonga kidato, anasimama juu yake, anachonga cha pili. Hakuna kidato kirefu, lakini nazi zinashuka. Katika mashine hizi mpya wamepanga vipande vya kauri kwa safu, na mafuta yasiyopitisha umeme yanapita katikati. Umeme ukiwaka, kauri zinapata joto, mafuta yanasukumwa upande mmoja yakiwa na joto hilo. Umeme ukizima, kauri zinapoa, mafuta yanarudishwa upande wa pili yakiwa na ubaridi. Mara ya kwanza tofauti ni ndogo. Mara ya mia, kila kipande kinaanzia pale jirani yake alipomfikisha. Upande mmoja unazidi kupata moto, mwengine unazidi kupoa.

Luxembourg, mwaka 2020, kundi la Torelló na Defay lilifika tofauti ya digrii 13 kwa njia hii. Mwaka 2023 kundi hilo hilo, Junning Li akiwa wa mwanzo katika orodha, likafika digrii 20.9, na nguvu ya kupoza ya wati 4.2.

Dada zangu wa barafu, hapa nataka tuwe wakweli. Maji ya bomba ya Chake tuseme yana nyuzi joto 30. Kuyafanya kilo moja yawe barafu, lazima utoe joto la kilojuli 460 hivi: kama 125 za kuyashusha mpaka sifuri, na 334 za kuyagandisha. Kwa wati 4.2, hiyo ni kazi ya saa 30. Kilo moja! Na hata hizo saa 30 nimezipendelea, kwa sababu wati 4.2 na digrii 20.9 havipatikani kwa wakati mmoja. Tena, digrii 20.9 chini ya 30 ni kama 9. Maji yatakuwa matamu kunywa, barafu hutaiona. Kwa hivyo akija mtu na boksi akikwambia hili ni friji la kauri, lete pesa, mwambie arudi nalo alikotoka.

Na boksi hilo atakuja nalo, nawahakikishia, kwa sababu yapo madogo ya kwenye gari yasiyo na kompresa wala gesi, yanauzwa tangu zamani. Hayo ni ya Peltier, jambo jengine kabisa lililogunduliwa mwaka 1834: mkondo wa umeme unapita bila ya kusita, unabeba joto kutoka upande mmoja wa kidude kwenda wa pili. Yanakula umeme mwingi kwa ubaridi mdogo. Kauri yetu si hivyo. Kapasita haili umeme wote unaoupa, inauweka. Mnaikumbuka chupa ya soda ya kioo? Unalipa na ya chupa, ukirudisha tupu unarudishiwa yako. Umeme unaotoka kwenye safu moja ya kauri unaweza kupelekwa safu ya pili, ukawa unazunguka baina ya mbili hizo, na unachonunua kipya ni kile kilichopotea njiani tu. Kwa kuhesabu umeme huo unaookotwa, wale wa Luxembourg walifika asilimia 64 ya ufanisi wa juu kabisa ambao maumbile yanaruhusu. Hilo ndilo linalonifanya nisafiri mpaka hapa kuwaeleza. Wati zitaongezeka kwa kuongeza kauri.

Kwetu visiwani umeme si jambo la kupuuza. Unguja wanaukumbuka mwaka 2008, waya wa baharini ulipoharibika wakakaa kizani kama mwezi, na tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Sisi Pemba tulikuwa na majenereta ya dizeli mpaka waya wa Tanga ulipofika mwaka huo wa 2010. Anayeuza pweza anajua kila saa ya giza ina bei gani. Na mafundi mnajua: umeme ukiwa hafifu, kompresa inanguruma, haiondoki, waya za ndani zinaungua. Kauri haina kitu cha kuondoka. Ikipata volti chache inapoza kidogo, basi.

Lakini nisije nikaipamba kama bibi harusi. Ile inayopoza vizuri ina risasi ndani yake, na risasi tumeifukuza kwenye petroli na rangi, hatutaki irudi jikoni kwa mlango wa nyuma. Skandiamu na tantalamu ni ghali. Titaneti ya bariamu haina risasi na ni rahisi, lakini kapasita zake za kawaida zinatoa karibu nusu digrii tu. Halafu kuna uchovu. Tuseme mzunguko mmoja ni sekunde 5: miaka 10 ya friji ni mizunguko zaidi ya milioni 60, na kauri inavutwa kila mara. Ufa mmoja kama unywele, umeme unapita pasipotakiwa, tabaka limekufa.

Wanangu wa ufundi, nawaona mnanitazama kwa jicho la "basi tufunge maduka?" Tazameni nilivyoieleza ile mashine. Kauri yenyewe nimeimaliza kwa maneno mawili: inapata joto, inapoa. Maneno mengine yote yalikuwa juu ya mafuta, pampu, mapito, upande wa joto, upande wa baridi. Kuutengeneza ubaridi wameshaweza. Kinachowashinda ni kuubeba, na kubeba joto ndiyo kazi mnayoifanya kila siku mnapopiga brashi wavu wa nyuma wa friji uliojaa vumbi na manyoya ya paka. Wavu ule hautaondoka. Friji lolote litakalokuja, la gesi au la kauri, litakuwa na joto la kutupa, na litakuja kwenu likiwa haliwezi kulitupa.

Yule bibi wa Wete nilimrudia mara ya nne. Nililitafuta tundu kwa povu la sabuni, nikalipata, nikaliziba, na sikuchukua pesa. Alinipa barafu mbili za ukwaju. Nilipomweleza, miaka mingi baadaye, kuwa kuna friji linatengenezwa lisilo na gesi, aliniuliza kama litakuwa na mlango unaofunga vizuri, kwa sababu lake alikuwa akilifunga kwa kamba.

Kwenye meza pale nimeweka bodi ya simu iliyokufa na lenzi ya kukuzia, mzione kapasita zenyewe. Mapulizo yamebaki matatu. Na kabla ya masuali, fundi mmoja atusaidie lile panga boi. Ngazi iko nyuma ya mlango.